Redio mbili za mtumba na kilele kimoja: jinsi tulivyojenga ripita yetu

(Haya ni mazungumzo ya fundi wa redio wa mradi mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili. Tumeyafupisha kidogo ili yaenee katika kurasa hizi.)

Nimeombwa nieleze kile kisanduku cha bati kilichoko juu ya mlima kilipatikanaje, kinafanya kazi gani, na kwa nini safari hii tunaomba fedha kwa ajili ya mambo ambayo mgeni akija hatutaweza kumwonyesha kwa kidole. Mimi si msemaji, ni fundi. Nikiteleza nikaanza lugha ya karakana, nikatizeni.

Nianze na swali aliloniuliza mama mmoja wa kamati asubuhi ya leo tukinywa chai. Aliniambia, "Mwanangu, siku hizi hata bibi wa miaka themanini ana simu kwenye khanga yake. Hii simu ya upepo ya nini tena?" Ni swali la haki, na mfadhili yeyote mwenye akili angeliuliza.

Simu ya mkononi ni kifaa kizuri mpaka mnara wake ukose umeme, au mnara unaoupokelea ukose umeme. Mvua kubwa ikipiga milimani, umeme hukatika, betri za mnara huhimili kwa saa kadhaa, kisha kimya. Hata kabla ya kimya hicho, watu wote hupiga kwa wakati mmoja na laini hazipatikani. Wenyeji wa Upare mnakumbuka Novemba 2009, udongo ulipoporomoka Goha, Mamba Miamba, ukafukia nyumba na watu wakiwa ndani. Wengine mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yalipoingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Sisemi redio ingezuia udongo kuporomoka. Nasema kwamba katika saa za kwanza, anayejua nani yuko chini ya udongo yuko juu mlimani, na mwenye gari, koleo na daktari yuko chini barabarani, na kati yao hakuna njia ya kupita.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii. Kwa simu, mtu mmoja humwambia mtu mmoja, naye humpigia mwingine, na habari hufika imebadilika. Kwa redio, mmoja akisema wote wanasikia. Aliye karibu zaidi hujibu.

Sasa ripita ni nini? Redio ya mkononi ya wati tano, ukiwa bondeni, haifiki mbali. Kilima kikiingia kati, maneno yameishia hapo. Wazee wetu walimweka mtu mwenye mbiu juu ya kilele kati ya mabonde mawili. Akisikia upande huu, anapiga kwa upande ule. Ripita ni mtu huyo. Inasikia kwenye masafa moja, na papo hapo inarudia yale yale kwenye masafa mengine, kwa nguvu zaidi na kutoka mahali pa juu. Hailali, ila inakula, na habari ya kula kwake nitaifikia.

Kwa nini kilele? Kuna hesabu rahisi ambayo hata mtoto wa sekondari anaiweza. Chukua urefu wa antena juu ya tambarare kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata umbali wa upeo wa redio kwa kilomita. Kilele chetu kimeinuka karibu mita 900 juu ya tambarare. Kipeuo cha pili cha 900 ni 30, mara 4.12 ni karibu kilomita 124. Ndiyo maana mtu aliye tambarare, akiwa na redio ndogo mkononi, anaongea na mwenzake aliye mbali kana kwamba wako uwanja mmoja. Ila msidanganywe na hesabu. Mabonde yaliyo nyuma ya bega la mlima hayasikii chochote, na parokia mbili zilizopo huko zinajua, maana zimenilalamikia vya kutosha.

Tulianza mwaka 2019 bila fedha. Ripita mpya kutoka dukani ilikuwa nje kabisa ya uwezo wetu. Tulichokuwa nacho ni habari kwamba duniani kuna redio nyingi zilizoachwa. Huko Marekani, kuanzia tarehe 1 Januari 2013, serikali iliamuru redio za makampuni na za idara nyingi za serikali zihamie kwenye njia nyembamba za kilohezi 12.5. Redio nzima nzima, zilizokuwa zikitumia kilohezi 25 tu, zikawa hazifai kazi ile na zikatupwa au kuuzwa kama vyuma chakavu. Hapa kwetu nako makampuni ya ulinzi, ya mabasi na ya mashamba yalipohamia kwenye simu, yaliacha redio za gari kwenye stoo zao. Kwa redio ya ridhaa, redio hizo hazina kasoro yoyote.

Nitumie neno hilo, redio ya ridhaa, kwa maana ile ile ya mpira wa ridhaa. Ni watu wanaotumia mawimbi kwa kujifunza na kwa mapenzi ya kazi, wana leseni, na hawalipwi.

Na wala si ujanja wetu kutumia redio mbili za gari. Motorola wenyewe waliwahi kuuza ripita iliyoitwa GR300, na ukiifungua ndani unakuta redio mbili za gari aina ya GM300, moja ya kusikia na moja ya kutoa, na kidude cha kuziunganisha. Tulipoona hivyo tukasema, kama kiwanda kilifanya, nasi tutafanya.

Hapa niseme neno kwa wafadhili, na naomba lipokelewe kwa moyo ule ule ninaolisema. Marafiki fulani walitutumia kreti nzima ya redio. Tulilipia bandari, tukalipia ghala, tukalipia lori. Tulipofungua, zilikuwa redio nzuri sana, safi, za bendi ya chini ya megahezi 30 hadi 50, ambazo antena yake ni ndefu kuliko mtu na haziwezi kuongea na redio hata moja tuliyo nayo. Zipo stoo mpaka leo. Kabla ya kutuma kifaa, tupigieni picha ya kibandiko kilicho nyuma yake. Namba ya modeli inatosha kutuambia kama kinafaa au la. Hata redio za bendi inayofaa hutofautiana. Kila modeli hukata kipande chake cha masafa, na nyingine haziteremki hadi kwenye sehemu ya ridhaa.

Redio mbili tulizotumia tulizipata hapa hapa nchini kutoka kwenye stoo ya kampuni iliyokuwa ikifunga kazi. Kuziandika masafa mapya kulitusumbua wiki tatu. Programu yake ni ya zamani, ya enzi za DOS, na ukiitia kwenye kompyuta mpya inachanganyikiwa kwa kasi. Tulipata kompyuta moja kuukuu kwenye darasa la ufundi, nzito kama tofali, ikafanya kazi siku ya kwanza. Tumeifungia kabatini. Mtu asiitupe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wengi wanaojenga ripita huliona dogo, na ndilo hula fedha na usingizi. Redio ya kutoa na redio ya kusikia ziko kwenye sanduku moja, zinafanya kazi kwa wakati mmoja, kwenye antena moja. Ya kutoa inapiga wati kumi. Ya kusikia inasubiri mnong'ono wa kijana aliye kilomita 60 na betri inayoisha. Nilikaa nikahesabu: sauti ya mtoaji ni kubwa kuliko mnong'ono ule mara milioni nane kwa bilioni. Ni kama kumwambia mtu asikilize mbu akiwa amesimama ndani ya mashine ya kusaga, na mashine inasaga.

Kinachowatenganisha ni kifaa kiitwacho dupleksa. Ni mikebe ya chuma iliyopangwa, kila mmoja umerekebishwa upitishe masafa haya na kuzuia yale. Tulitaka kwanza kujenga kwenye bendi ya mita mbili, megahezi 144 hadi 146, kwa sababu mawimbi yake huvumilia miti na vilima. Lakini katika ukanda wetu wa dunia masafa ya kuingia na ya kutoka kwenye bendi hiyo hutengana kwa kilohezi 600 tu. Kutenganisha vitu vilivyokaribiana hivyo kunahitaji mikebe mikubwa, mirefu karibu ya kimo cha mtoto, na kwa kawaida minne hadi sita. Fundi mmoja wa mjini alituuzia dupleksa ndogo, bapa, inayoingia mkobani, akisema ni ya bendi ile ile. Hakusema uongo. Ilikuwa ya bendi ile ile, lakini ilitengenezwa kwa masafa yaliyoachana megahezi nne au tano. Kwa kilohezi 600 ilikuwa kama pazia la chandarua dhidi ya mvua. Tulipoteza fedha, na kosa lilikuwa letu kwa kutouliza.

Tukahamia kwenye bendi ya juu, megahezi 430 hadi 440. Huko ripita za kanda yetu huweza kutenganisha masafa yake kwa megahezi 7.6, na kwa nafasi hiyo dupleksa ndogo ya gharama ya chini inatosha. Tunapoteza kidogo kwenye misitu, tunapata unafuu kwenye mfuko. Hata hivyo dupleksa hiyo moja ilitugharimu kuliko redio zote mbili, na tuliinunua mpya. Mkiona kwenye taarifa ya fedha mliyo nayo mkononi, mstari huo msiushangae.

Mtajuaje kama imefanya kazi? Msikubali mtu akuambieni "inaita, inajibu". Mtu akiwa karibu, hata ripita mbovu hujibu. Tulimtuma kijana mmoja tambarare, akasogea mbali mpaka akaanza kusikika kwa shida, na sauti imejaa mchakato. Kisha huku juu tukawasha mtoaji na kuuzima, tukauwasha na kuuzima, huku tukisikiliza redio ya kusikia peke yake. Mtoaji ukiwaka na sauti ya kijana ikafifia, maana yake ripita inajiziba masikio yenyewe. Mara ya kwanza ilijiziba. Tatizo halikuwa dupleksa, lilikuwa kipande cha kebo ya kuungia, nusu mita tu, ambayo ganda lake la waya lilikuwa jembamba na linavuja. Tukaweka yenye maganda mawili. Kijana akasogea kilomita nyingine kumi na tano.

Kwa kuwa tunaongelea kebo: hapa msibane matumizi. Kwenye bendi hii, mita 20 za kebo nyembamba ya RG-58 hula zaidi ya robo tatu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. RG-213, iliyo nene, hula karibu nusu. Sisi tulibahatika. Kampuni iliyokuwa ikibadilisha vifaa kwenye mnara wa simu ilituachia mabaki ya ile kebo ngumu yenye ganda la shaba lililojikunja, na mita 20 zake hula kama sehemu moja ya tano tu. Antena yenyewe waliitengeneza vijana wa chuo cha ufundi kwa mabomba ya shaba, vipande vya sentimita 33 hivi, vinne vimepangwa juu ya kimoja. Ina makunyanzi kidogo lakini inafanya kazi.

Nguvu ya umeme. Redio zikiwa zimekaa tu zikisikiliza hunywa kama ampea 0.8. Kwa saa 24 ni ampea-saa 19. Zikitoa, hunywa kama ampea 4 zaidi. Tukikadiria saa mbili za kuongea kwa siku, ni 8. Jumla 27 kwa siku. Kule juu ukungu unaweza kukaa siku tatu bila jua la maana, hivyo tunahitaji 81, na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo karibu 160. Ndiyo maana ziko betri mbili za ampea-saa 100, na paneli mbili za wati 80. Hazikuwekwa mbili kwa kujionyesha. Nitawaomba mkumbuke hesabu hii baada ya dakika chache.

Radi sitaikalia sana. Nguzo imeunganishwa na ardhi kwa vyuma vilivyozikwa pande tatu. Tulitumia mabati mazito badala ya shaba, maana shaba huchimbuliwa usiku na kuuzwa kwa kilo. Redio za gari hazikutengenezwa kutoa muda mrefu mfululizo, kwa hiyo tumeipunguza ile ya kutoa kutoka wati 25 hadi 10, tumeweka feni, na chipu ndogo inayomkata msemaji akizidisha dakika tatu. Chipu hiyo hiyo hutaja alama ya wito ya kituo kwa Mosi kila baada ya muda. Wale mnaosikia milio ya ti-taa-ti mkidhani ni hitilafu, sio hitilafu.

Sasa sheria, na hapa najua nitawakera baadhi yenu. Huduma ya ridhaa, kwa mujibu wa Kanuni za Redio za ITU, ni ya watu waliopewa idhini, kwa kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya kiufundi, bila maslahi ya fedha. Leseni hapa nchini hutolewa na TCRA, na alama zetu za wito huanza na 5H. Maana yake ripita hii si ya kuagiza dawa za zahanati. Si ya kuuliza bei ya tangawizi mnadani. Si ya kumwita dereva aje amchukue mgeni. Nimeitwa mkaidi kwa sababu hii, na kiongozi mmoja aliniambia, "Tumechangia bati, tumebeba saruji kichwani, halafu unatuambia tusiitumie?" Namwelewa. Kwa kazi za zahanati tunatakiwa kuomba masafa ya taasisi na kuyalipia ada yake, na redio za mtumba za aina ile ile zinaweza kuandikwa masafa hayo. Maombi yameandikwa. Lakini tukianza kuchanganya, siku ya ukaguzi tutanyang'anywa vyote viwili.

Upande mwingine wa sheria unatupa nguvu. Mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 uliandika wazi kwamba nchi zinahimizwa kuviruhusu vituo vya ridhaa vijiandae kuhudumia mawasiliano wakati wa maafa. Ni mkutano huo huo ulioondoa lile sharti la kila nchi kumtahini mtu Mosi, ukaliacha kwa hiari ya nchi yenyewe. Na mifano ya maafa ipo. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ile ile ambayo mawimbi yake yalifika hadi pwani yetu, ilimkuta Bharathi Prasad, mwanaridhaa kutoka India, akiwa Port Blair katika visiwa vya Andaman. Alikuwa amekwenda kwa burudani ya redio, kuongea na wanaridhaa wa nchi za mbali. Simu zilipokufa, kituo chake cha burudani kikawa mdomo wa kisiwa. Hakuwa amepewa kazi hiyo na mtu, ila vifaa vilikuwa tayari na mkono wake ulikuwa umezoea.

Vifaa tayari, mkono umezoea. Sasa niwaambie habari ya Aprili 2024, ambayo wengi mmeisikia nusu nusu.

Mnakumbuka masika yale. Waziri Mkuu aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili kwamba mafuriko na maporomoko yalikuwa yameua watu 155 nchini. Huku kwetu barabara ilikatika sehemu mbili. Ijumaa moja ya mwezi ule, watu wa parokia moja walikuwa na harusi na hawakuwa na umeme wa vipaza sauti. Walinipigia simu wakaomba betri moja ya mlimani hadi Jumatatu. Nilitafakari kidogo, nikasema, zipo mbili, chukueni moja. Ufunguo ulikuwa kwa jirani yangu, nikamwambia awape. Sikuja hapa kumshitaki mtu. Ufunguo niliutoa mimi.

Jua halikuonekana siku nne. Betri iliyobaki ilishuka, na usiku wa kuamkia Jumatatu, kama saa tisa, kidhibiti kikaikata ili isiharibike. Kidhibiti kilifanya kazi yake sawasawa. Saa kumi kasoro, ukuta wa nyumba moja ulibebwa na udongo, mzee na mjukuu wakiwa ndani. Kijana wetu mwenye leseni katika kitongoji kile alitoka na redio yake, akabonyeza, akaita. Kimya. Simu haikuwa na mtandao tangu Jumamosi. Alibonyeza kwa muda wa nusu saa, ananiambia, akidhani redio yake imeingia maji. Kisha akashuka kwa miguu, saa nne njiani kwenye utelezi.

Mjukuu alitolewa na majirani mapema. Mzee alitolewa saa tano asubuhi, boriti ikiwa juu ya paja. Yu hai. Mguu ule haukurudi sawa, na anatembelea mkongojo. Nilipokwenda kumwona nilimweleza habari ya betri. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama harusi ilifana.

Ndiyo sababu ya maombi ya mwaka huu. Mfadhili mmoja amejitolea kutununulia ripita mpya ya dijitali, na namshukuru kwa dhati. Ina sifa zake; aina ya DMR hupitisha mazungumzo mawili kwenye masafa yale yale. Lakini kila kijana angehitaji redio mpya, na siku ikizima, hapa hakuna wa kuifungua. Hii ya mtumba, kijana mwenye pasi ya kulehemu na mita anaitengeneza siku hiyo hiyo, na tuna redio nyingine tatu za kuchomolea vipuri. Badala ya mashine, tunaomba posho ya mlinzi mmoja anayeishi chini ya kilele, apande kila wiki, apime betri na aandike kwenye daftari. Tunaomba betri za lithiamu za fosfeti ya chuma pindi hizi za asidi zitakapochoka; bei yake imeshuka, na zinavumilia kushushwa zaidi ya nusu. Tunaomba nauli na ada za leseni kwa vijana. Na tunaomba kufuli lenye funguo mbili, moja kwa mlinzi, moja kwa mwenyekiti wa kamati, mimi nisiwe na hata mmoja.

Kwa kamati za parokia ombi ni tofauti. Tupeni watu wawili wawili kutoka kila parokia, msichana na mvulana ikiwezekana, wasio na mpango wa kuhamia mjini mwezi ujao. Mafunzo ni Jumamosi kumi. Watajifunza kuongea kwa ufupi, kutotaja jina la mgonjwa hewani kwa kuwa kila mtu anasikia, na kupokea ujumbe kwa maandishi neno kwa neno. Wakishapata leseni tunafanya zoezi kila Jumatano saa mbili usiku, wote wanaitwa kwa zamu. Zoezi hilo linachosha, nakiri. Wiki nyingi hakuna jipya zaidi ya hali ya mvua na nani ana homa. Lakini Jumatano iliyopita vituo tisa vilijibu, na cha kumi kilipokosa tulijua kesho yake asubuhi kwamba chaja yake imeungua, tukaibadilisha.

Parokia zile mbili za nyuma ya bega la mlima sijazisahau. Tuna redio za kutosha kujenga ripita ndogo ya pili, ila hatuna dupleksa wala kilele chenye njia. Mwenye shamba juu ya ule mwamba amesema yuko tayari kuzungumza. Namwomba mjumbe wa huko tuonane kabla hajapanda basi.

Daftari la majina liko mezani karibu na mlango. Jumamosi ijayo tunapanda kupima betri, tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Atakayependa kukiona kisanduku kwa macho yake aje na viatu vya mvua na chakula chake.